Kuisubiri Theluji Bondeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya watu wanaoishi kwenye nchi tambarare, karibu na bahari isiyoganda, ambao kila ikifika Desemba huanza kuchungulia dirishani. Bondeni ninakokuzungumzia ni ukanda wa chini wa kaskazini-magharibi mwa Ulaya: kusini na mashariki mwa Uingereza, Ubelgiji, Uholanzi, kaskazini mwa Ujerumani na Denmark. Huko baridi ipo, giza lipo, mvua ndiyo usiseme, lakini theluji ni mgeni wa nadra. Naipenda kwa dhati na nimeisubiri miaka mingi, kwa hiyo najibu kama mtu anayesubiri pamoja nawe.

Mbona wenzetu wa latitudo ileile wana theluji miezi na miezi, sisi tunalowa tu?

Chukua ramani, weka kidole Amsterdam, kisha kiburute kuelekea mashariki bila kupanda wala kushuka. Utafika Irkutsk, Siberia, ambako mwezi wa Januari kipimajoto hushinda chini ya sifuri usiku na mchana. Kiburute kutoka London kuelekea magharibi, utapita karibu kabisa na Calgary, Kanada. Jua linawamulika wote sawasawa. Kinachowatenganisha ni bahari na upepo.

Maji hupata joto polepole na huliachia polepole. Ardhi ya Siberia ikishapoteza joto lake la kiangazi mwezi wa Oktoba, basi, limekwisha. Bahari ya Kaskazini bado ina akiba yake: hata Februari maji yake huwa na nyuzi kama 6 juu ya sifuri, na Atlantiki magharibi mwa Ireland huwa na joto zaidi ya hapo. Upepo wa kawaida wa maeneo haya unatoka magharibi. Kwa hiyo hewa inayokufikia mlangoni imekwisha kushinda siku kadhaa juu ya maji hayo, imenyonya joto lake na unyevu wake. Inafika ikiwa na nyuzi 8 au 9 na mzigo wa mvua.

Halafu kuna utambarare wenyewe. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda kilomita moja, kwa hiyo kilima cha mita 300 tu kinakupa karibu nyuzi 2 za nafuu. Lakini Uholanzi bara mahali pa juu kabisa ni Vaalserberg, mita 322, tena pembeni kabisa mwa nchi, na kilele cha asili cha Denmark, Møllehøj, hakifiki hata mita 171. Robo ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Anayeishi huko hana pa kupanda kuifuata baridi. Inabidi imfuate yeye.

Je, ni lazima kipimajoto kisome sifuri ndipo theluji ianguke?

Hapana, na jibu hili ndilo linalonipa moyo kuliko mengine yote.

Sehemu kubwa ya mvua inayokulowesha majira ya baridi ilianza safari yake ikiwa theluji. Juu mawinguni ni baridi vya kutosha karibu kila siku. Fuwele za barafu hujengeka huko, huungana, huanza kushuka, na mahali fulani njiani hukuta tabaka la hewa yenye joto zaidi ya sifuri na kuyeyuka. Swali siku zote ni kwamba tabaka hilo lina unene gani. Likiwa na mita 800, unapata mvua tupu. Likiwa na mita 200 au 300, fuwele nyingi hufika chini zikiwa bado fuwele. Ndiyo maana theluji huanguka hata kipimajoto kinaposoma nyuzi 1 au 2 juu ya sifuri.

Ukavu wa hewa una mchango wake. Unajua jinsi kitambaa kilicholoweshwa maji kinavyopoza paji la uso: maji yanapogeuka mvuke huchukua joto. Fuwele inayopita kwenye hewa kavu hufanya vivyo hivyo, sehemu yake inageuka mvuke, na ile iliyobaki inapoa. Hewa ya nyuzi 3 iliyo kavu inaweza kukupa theluji, wakati hewa ya nyuzi 1 iliyojaa ukungu inaweza kukupa matone.

Na kuna jambo la tatu, zuri zaidi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji kilojuli 334 za joto, na joto hilo linatoka kwenye hewa inayoizunguka. Theluji inayoyeyuka angani inaipoza ile hewa inayoiyeyusha. Mvua ikiwa nyepesi, kazi hiyo haionekani. Ikiwa nzito, na upepo umetulia, tabaka la joto linaliwa kidogo kidogo kutoka juu hadi litoweke, na mvua inageuka theluji mbele ya macho yako bila upepo kubadilika wala baridi mpya kuletwa kutoka popote.

Nitajuaje kwamba mvua iko karibu kugeuka?

Tafuta taa ya barabarani unayoweza kuiona ukiwa ndani, uzime taa za chumbani, utazame mwanga wake. Hiki ndicho chombo cha kwanza cha kila mpenzi wa theluji wa bondeni, na hakigharimu chochote.

Usiku mmoja wa Januari nilisimama hivyo tangu saa tatu. Kipimajoto cha dirishani kilisoma nyuzi 2.1, mvua ilikuwa nzito, na kwenye mwanga wa taa ilionekana kama nyuzi nyembamba zilizonyooka. Saa nne na nusu ilisoma 1.4. Matone machache yalianza kushuka taratibu kuliko mengine, kama yanasitasita. Nilitoka nje nikanyoosha mkono: kwenye mkono wa koti jeusi kila tone lilikuwa na kijipunje cheupe katikati, kikakaa kwa kuhesabu hadi mbili kisha kikatoweka. Saa tano na robo, 0.7. Sasa vipande vilikuwa vikubwa, vyenye majimaji, vinaanguka kwa uzito kama manyoya yaliyolowa. Halafu nikagundua kitu ambacho masikio yalikuwa yamekijua kabla yangu: sauti ya mvua kwenye paa la kibanda ilikuwa imekatika. Nyuzi zilizonyooka hazikuwepo tena kwenye ile taa. Kulikuwa na vitu vyeupe vinavyozunguka, vingine vikipanda juu kidogo kabla ya kushuka.

Basi dalili ni hizo, kwa mpangilio huo: joto linashuka polepole bila kurudi nyuma, matone yanapunguza mwendo, punje nyeupe kwenye kitambaa cheusi, na mwisho ukimya. Joto likisimama palepale kwa saa mbili, nenda kalale.

Niombee upepo upi?

Wa mashariki. Mabaharia wa Kiswahili wanauita matlai, na ningependa neno hilo litumike hata huku.

Upepo wa magharibi na wa kusini-magharibi umeshaelezwa: ni mvua. Wa kaskazini unatoka Aktiki kweli, lakini unasafiri juu ya maji mengi kabla ya kufika, kwa hiyo baridi yake inachakaa njiani. Huleta manyunyu ya theluji kwenye pwani zinazoutazama na kuwaacha watu wa ndani wakitazama anga la buluu. Upepo wa mashariki ndio unaopita juu ya ardhi ngumu iliyoganda, kutoka Urusi kupitia Poland na Ujerumani, bila bahari kubwa ya kuupasha joto.

Lakini hapa kuna mkasa, na watu wa Uholanzi na Ujerumani wanaujua vizuri. Hewa iliyopita juu ya nchi kavu yote hiyo ni kavu. Unapata siku tano za nyuzi 6 chini ya sifuri, sakitu nene kwenye nyasi, jua linang'aa, na hakuna hata wingu. Watu wa mashariki mwa Uingereza wana bahati kidogo, kwa sababu upepo uleule huvuka Bahari ya Kaskazini, huokota unyevu, na kuumwaga kama manyunyu ya theluji ukifika upande wa pili.

Kwa wengine wote, theluji kubwa huja pale baridi hiyo kavu inapogongana na unyevu wa Atlantiki. Mfumo wa mvua unasogea kutoka kusini-magharibi, hewa yake ya joto ni nyepesi, kwa hiyo inapanda juu ya ile baridi nzito iliyolala ardhini, na mvua yake inaanguka kupitia baridi. Mwishoni mwa Desemba 1978 ndivyo ilivyokuwa kaskazini mwa Ujerumani: upande mmoja wa mpaka huo wa hewa kulikuwa na nyuzi kama 10 juu ya sifuri, upande wa pili karibu 20 chini yake, na mpaka ukakaa palepale. Dhoruba ya theluji ilizika barabara na reli, vijiji vikatengwa, kisiwa cha Rügen kikakosa mawasiliano na bara. Mwanzoni mwa Machi 2018 ilikuwa hivyo pia, dhoruba iliyopewa jina Emma ilipopanda kutoka kusini na kukuta Uingereza na Ireland zimeshikwa na upepo wa mashariki.

Ubaya wake ni kwamba mshindi wa pambano hilo huwa Atlantiki, karibu kila mara. Theluji ya asubuhi hugeuka mvua jioni. Ukiiona imeanguka, usiahirishe kutoka.

Hiyo stratosfia inayozungumzwa kila Januari ni kitu gani?

Ni tabaka la angahewa lililo juu ya mawingu yetu, kuanzia kilomita kama 10 hadi 50 kutoka ardhini. Majira ya baridi, hewa baridi sana huzunguka Ncha ya Kaskazini huko juu, kama pia kubwa ya kuchezea watoto, na ikizunguka kwa nguvu huifungia baridi kaskazini na kuusukuma upepo wa magharibi kwetu. Mara nyingine pia hiyo hupigwa na mawimbi ya hewa yanayopanda kutoka chini. Inayumba, pengine inapasuka vipande viwili, na joto la huko juu hupanda kwa makumi ya nyuzi ndani ya siku chache. Wiki mbili tatu baadaye upepo wa huku chini unaweza kugeuka na kuanza kuvuma kutoka mashariki.

Ilitokea tarehe 12 Februari 2018, na mwisho wa mwezi ule baridi ya mashariki ikafika. Ilitokea tena mapema Januari 2021, na tarehe 7 Februari Uholanzi ikatangaza tahadhari nyekundu kwa dhoruba ya theluji. Lakini ilitokea pia mwanzoni mwa Januari 2019, na Ulaya magharibi haikupata cha maana. Kwa hiyo ukisikia habari hizo, furahi, ila usianze kununua koleo.

Utabiri wa siku ngapi ndio wa kuutumainia?

Siku tatu. Nasema hivi baada ya kuumizwa na utabiri wa siku kumi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kielelezo cha theluji kwenye simu kwa siku ya nane kinatoka kwenye hesabu moja ya kompyuta, na hesabu moja kwa siku nane haina uzito. Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba tofauti ndogo mno mwanzoni mwa hesabu za hali ya hewa huzaa matokeo tofauti kabisa baada ya siku kadhaa. Ndiyo sababu kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha ECMWF, kilichoanzishwa na nchi za Ulaya mwaka 1975, hakitoi hesabu moja. Kinarudia hesabu ileile mara 50 na kubadilisha kidogo hali ya mwanzo kila mara, hadi siku ya 15. Mistari yote huchorwa pamoja. Ikienda sambamba, watabiri wana uhakika. Ikitawanyika kama ufagio uliofunguka, hawana, na wewe pia usiwe nao.

Jifunze kuutazama ufagio huo. Mistari 5 kati ya 50 ikishuka kwenye baridi kali kwa siku ya tisa, una jambo la kufuatilia. Kesho yake ikiwa 15, keshokutwa 30, hapo moyo una haki ya kudunda. Mimi huwa siambii mtu yeyote nyumbani kabla ya siku ya tatu, hasa watoto, kwa sababu mtoto aliyeahidiwa theluji akaamka kwenye mvua hasahau upesi.

Na hata siku moja kabla, mpaka kati ya mvua na theluji unaweza kuhama kilomita 40. Nusu nyuzi inatosha kuuhamisha. Watabiri si wazembe. Wameshikwa kwenye nafasi nyembamba mno.

Nikiangalia ramani, nitazame namba zipi?

Ya kwanza ni joto la hewa kwenye urefu wa mita 1,500 hivi, pale kanieneo inapokuwa hektopaskali 850. Kwa kukadiria, ukiona nyuzi 8 chini ya sifuri na upepo unatoka baharini, manyunyu yatakuwa theluji hata bondeni. Hewa ikitoka bara, 5 chini ya sifuri inaweza kutosha. Ya pili ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ingeanza kudondosha unyevu wake. Kikiwa chini ya sifuri, kaa macho. Kikiwa nyuzi 2 juu yake, theluji haitadumu hata ikianguka. Mbili hizo zinakutosha kwa miaka ya mwanzo.

Kuna uwezekano gani wa Krismasi nyeupe?

Inategemea nani anahesabu. Met Office, shirika la hali ya hewa la Uingereza, huhesabu Krismasi kuwa nyeupe ikiwa hata kipande kimoja cha theluji kimeonekana kikianguka ndani ya saa 24 za tarehe 25 Desemba. KNMI ya Uholanzi ni kali zaidi: theluji iwe imelala ardhini kituoni De Bilt siku zote mbili za Krismasi, yaani tarehe 25 na 26 Desemba. Kwa kipimo hicho ilitokea mwaka 2009, ikarudia 2010. Mwaka huo wa 2010 Uingereza nayo ilikuwa na theluji ardhini kwenye asilimia 83 ya vituo vyake, jambo lisilo la kawaida hata kidogo.

Ukweli ni kwamba Desemba ni mapema. Bahari bado ina joto la vuli, na inaendelea kupoa hadi Februari au Machi mwanzoni. Nchini Uingereza theluji huanguka zaidi kati ya Januari na Machi kuliko Desemba. Picha za Krismasi zimetufundisha kukata tamaa Januari mosi, wakati ambapo majira yenyewe ndiyo kwanza yanaanza.

Imeanguka saa nzima lakini haikukaa. Kwa nini?

Ardhi ilikuwa na joto. Lami iliyopigwa na jua na magari mchana hubaki juu ya sifuri kwa saa nyingi, na kila fuwele inayogusa hapo huyeyuka. Theluji nyepesi haiwezi kushindana. Nzito inaweza, kwa sababu kila kinachoyeyuka kinapoza sehemu yake hadi ile inayofuata ipate pa kulala. Tazama inapoanza kukaa: juu ya magari yaliyoegeshwa, kwenye meza ya bustani, kwenye nyasi, kisha kwenye njia ya miguu, mwisho barabarani. Usiku humsaidia mpenzi wa theluji, jua la Machi humwangusha. Katikati ya jiji kubwa, penye majengo yanayotoa joto, unaweza kukosa kabisa wakati kitongoji cha kilomita 10 kutoka hapo kimevaa nyeupe. Inauma, najua.

Theluji na mifereji iliyoganda, je, vinakwenda pamoja?

Watu hudhani hivyo, lakini wapenzi wa kuteleza kwenye barafu huko Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, hawaiombi theluji hata kidogo. Theluji ina hewa nyingi ndani yake na ni blanketi zuri: ikilala juu ya barafu changa, baridi haifiki chini na barafu inaacha kunenepa. Mbio za Elfstedentocht, karibu kilomita 200 kupitia miji 11, zinahitaji barafu ya sentimita 15 njia nzima. Tangu zilipoanza mwaka 1909 zimefanyika mara 15 tu, ya mwisho tarehe 4 Januari 1997. Zile za tarehe 18 Januari 1963 zilifanyika kwenye baridi kali na theluji iliyopeperushwa na upepo. Watu karibu elfu kumi walianza, na kati ya maelfu ya washiriki wa kawaida ni 69 tu waliomaliza.

Mtu anaweza kupenda vyote viwili. Mimi napenda. Ila katika wiki moja ya baridi huwezi kuviombea vyote.

Naweza kuziona fuwele zenyewe kwa macho?

Unaweza, na nakusihi ufanye hivyo. Weka kipande cha kitambaa cheusi cha sufi au mahameli nje, mahali pasiponyeshewa, nusu saa kabla, kipoe. Theluji ikianza, kitoe, acha fuwele chache zitue, uzitazame kwa kioo cha kukuzia huku umebana pumzi. Pumzi moja tu inazimaliza.

Bondeni utapata mara nyingi mabonge yaliyoshikamana, kwa sababu karibu na sifuri fuwele zina utando wa maji na hugandana. Lakini vunja bonge taratibu kwa kijiti cha kiberiti na utakuta mikono sita ndani yake. Sita kwa sababu molekuli za maji zikiganda hujipanga kwenye pembe sita. Umbo la mikono linategemea joto la wingu: karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri hutokea visahani, karibu na 5 chini hutokea sindano, na karibu na 15 chini hutokea zile nyota zenye matawi ambazo kila mtu huzichora. Ukipata nyota bondeni, umeshika kitu kilichozaliwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri kikafika mkononi mwako kwenye nyuzi 1 juu yake.

Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, alipiga picha yake ya kwanza ya fuwele ya theluji mwaka 1885 na kuendelea hadi zikapita 5,000. Ukichiro Nakaya wa Hokkaido, Japani, alikuwa wa kwanza kuotesha fuwele ya theluji ndani ya maabara, mwaka 1936, kwenye ncha ya unywele wa sungura. Ni yeye aliyetuonyesha uhusiano wa umbo na joto. Nikitazama kitambaa changu cheusi huwa nawashukuru wote wawili.

Napimaje kina chake?

Ubao mweupe mahali pa wazi, mbali na ukuta, na rula. Pima sehemu tatu, chukua wastani. Kwa kawaida sentimita 10 za theluji zikiyeyuka hutoa sentimita 1 ya maji, lakini theluji yetu yenye majimaji huwa nzito kuliko hapo. Andika na saa, kwa sababu itanywea.

Je, ni haki kuitamani wakati inawaletea wengine shida?

Swali hili nimejiuliza mwenyewe. Novemba 2005 theluji yenye maji mengi iliangukia Münsterland, magharibi mwa Ujerumani, ikagandia nyaya za umeme hadi minara ikapinda na kuanguka, na watu kama robo milioni wakakaa gizani, wengine kwa siku kadhaa. Bondeni hakuna mazoea: mahali pengi matairi si ya theluji, magari ya kumwaga chumvi barabarani ni machache, mabomba hayajafunikwa. Wazee wanateleza.

Kutamani kwangu hakuiti theluji wala hakuizuii. Ninachoweza ni kuamka mapema, kufagia njia yangu na ya jirani mzee, kummwagia mchanga kwenye ngazi, na kumuuliza kama anahitaji kitu dukani. Na ukisikia onyo la mvua inayoganda ikigusa ardhi, hilo si jambo la kushangilia hata kidogo. Kaa ndani.

Dunia inapata joto. Bado kuna sababu ya kungoja?

Siwezi kukuficha: theluji ya bondeni inapungua, na itazidi kupungua. Mahali ambapo nusu nyuzi ndiyo inayoamua, kupanda kwa nyuzi moja au mbili ni pigo kubwa. Aktiki, ghala la baridi yetu, inapata joto haraka kuliko sehemu nyingine za dunia. Waliokuwa watoto majira ya baridi ya 1962 hadi 1963, yaliyokuwa makali kuliko yote katikati mwa Uingereza tangu 1740, waliona theluji ikilala kuanzia siku ya pili ya Krismasi hadi Machi. Mtoto wa leo huenda asilione jambo hilo maishani mwake, na hilo linanihuzunisha.

Lakini kupungua si kwisha. Desemba 2010 ilikuwa ya baridi kuliko Desemba zote za Uingereza tangu angalau mwaka 1910, na hiyo ni juzi tu. Upepo wa mashariki bado huja. Naungoja kwa sababu upo, na naandika tarehe na kina kwenye daftari kwa sababu kumbukumbu hizo zitahitajika.

Ikifika kweli, nifanye nini kwanza?

Toka kabla hakujapambazuka, kama saa kumi na moja alfajiri, kabla ya magari. Usichukue simu mkononi. Theluji mpya humeza sauti, kwa hiyo utasikia vitu vya karibu tu: mlio wa kiatu chako, pumzi yako, tawi linaloachia mzigo wake. Anga litakuwa na rangi ya chungwa iliyofifia, kwa sababu mwanga wa taa unaruka kutoka ardhini kwenda mawinguni na kurudi. Utaona nyayo za paka aliyetoka, akafika katikati ya ua, akasimama, akarudi kwa kukanyaga mashimo yake yaleyale.

Kisha kawaamshe wengine, hata kama ni Jumapili. Mwaka jana kwetu ilikuwa sentimita 4 saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu paa lilianza kudondosha, na ilipofika saa sita nyasi zilionekana.